Mke wa Kukodi wa Kisaju

Sheria imetutendea wema wanawake wa Kajiado. Siku hizi mwanamume hawezi kuuza shamba lenye nyumba ya familia bila mkewe kujua. Lazima wafike wote wawili mbele ya bodi ya ardhi, mke aulizwe kama amekubali, naye ajibu kwa mdomo wake. Sheria nzuri kabisa. Ila haikusema mke huyo atolewe wapi, na tangu lini Kitengela tukakosa bidhaa yenye wateja?

Ndivyo jirani yangu Kalekye alivyopata kazi. Mwanamume ambaye mkewe amekataa katakata humtafuta Ngigi, broka wa mashamba, na Ngigi humpigia Kalekye simu. Asubuhi hiyo anakuwa mke. Kesho kutwa anakuwa mke wa mwingine. Alikuwa na kipaji, sitamnyima sifa yake: leso begani, macho chini, sauti ya mtu aliyezoea kukubali. Wake wa kweli hawaongei vizuri namna ile. Mimi nilimwambia waziwazi kwamba kazi hiyo inanuka. Akanijibu kuwa hakuna anayemshikia mtu kisu.

Nyumbani, Kalekye huyohuyo alikuwa hakubali lolote. Mumewe, Musau, alitaka kuuza shamba lao la hapa Kisaju anunue lori, aanze kubeba mizigo ya Namanga. Kalekye alikuwa ameijenga nyumba ile chumba kwa chumba, na mapapai aliyapanda kwa mkono wake. Alimwambia Musau kwamba atatoka pale amebebwa na watu. Musau akanyamaza. Mwanamume mbishi akinyamaza ghafla, mwenye akili huficha hatimiliki. Kalekye yeye akafurahi kwamba ameshinda.

Juzi aliondoka akisema anakwenda kumwona dada yake. Kumbe anakwenda kuwa mke wa mtu anayeitwa Muema. Mwenyekiti wa bodi, mzee Kuntai, alimsalimia kwa Kimasai kama anavyowasalimia akina mama wote.

"Takwenya, mama."

"Iko," Kalekye akaitikia kwa Kimasai hichohicho.

"Wewe ndio Nthambi, bibi ya Muema? Umekubali hii shamba iuzwe?"

"Nimekubali, mzee. Tumeongea nyumbani na bwana yangu."

Ikaisha hivyo. Akarudi kukaa benchi la nyuma kusubiri Muema apewe karatasi. Hapo karani akaita wanaofuata: Musau na mkewe Kalekye, shamba la Kisaju.

Mlango ukafunguka, Musau akaingia na suti yake ya harusi. Nyuma yake alikuja Shiro, msusi mmoja wa sokoni, leso begani, macho chini. Ngigi hakuwa na habari kwamba siku hiyohiyo amemkodisha mke na kumkodishia mumewe mke mwingine. Yeye haulizagi watu mambo ya kwao, na akina Kalekye ni wengi.

"Kalekye ni mimi!" Kalekye akaruka. "Mzee, huyo si bibi yake! Hiyo nyumba ni yangu!"

Kuntai akavua miwani. "Mama, si wewe ndio Nthambi?"

"Hiyo ilikuwa kazi tu, mzee. Huyu Musau ndio bwana yangu. Alileta mbuzi za ntheo kwa baba yangu!"

Kwa Wakamba, mbuzi hao wakishapokelewa, mwanamke ameolewa, cheti au bila cheti. Kuntai akatikisa kichwa polepole kukubali. Mmasai hahitaji kufundishwa ndoa ya mifugo. Akamgeukia Musau.

"Unajua huyu mama?"

Musau akamtazama mwanamke aliyemzalia watoto. "Hapana, mzee. Labda ni mgonjwa."

Nilipohadithiwa hapo, nilitamani ningekuwepo na mwiko.

"Mama," Kuntai akasema, "fikiria vizuri. Ukisema wewe ni Nthambi, unaenda nyumbani sasa hivi. Ukisema wewe ni Kalekye, umedanganya bodi, na mimi naita polisi. Wewe ni nani?"

Kalekye alilia, lakini alijibu. "Ni Kalekye. Ita polisi. Nyumba haiuzwi."

Na haikuuzwa. Wala ya Muema haikuuzwa. Wote walipandishwa gari moja la polisi, waume wawili na wake wawili wa kukodi. Ngigi alikuwa ameshakumbuka shughuli ya dharura huko Rombo.

Jioni nilimpelekea sweta kituoni. Nilimkuta kwenye benchi, amechoka lakini kifua mbele, akiniambia jinsi alivyoiokoa nyumba yake. Nilimpongeza, na nilimaanisha. Kisha akaingia mama mmoja mwembamba, kandambili zimejaa vumbi, kabeba thamosi. Akamuuliza afande kama ndipo alipo mume wake, Muema. Afande, ambaye siku yake ilikuwa imechangamka, akamweleza yote na kumwonyesha Kalekye kwa kalamu.

Yule mama hakupiga kelele. Alisogea akaketi kando yake, thamosi mapajani.

"Mimi niko na watoto wanne kwa hiyo nyumba," akasema. "Nilikuwa nawapikia chakula, na wewe uko hapo unasema nimekubali. Ingeuzwa, tungelala wapi?"

Kalekye, aliyekuwa na jibu kwa kila bodi, alijifunika uso kwa lile sweta langu.