Waliuzunguka Mwezi Bila Kubisha Hodi

Jumatatu nikiwa kwa kinyozi hapa mjini Arusha, nilipigiwa simu kwamba mzee mmoja wa Tengeru amefariki. Nilimwomba kinyozi azime mashine kidogo. Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, na utotoni mwangu alikuwa jirani wa bibi yangu kule mlimani Meru. Kwa redio yake nilishuhudia binadamu wakiuzunguka mwezi kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa Krismasi. Kila likizo ya Desemba baba alitupandisha wote kwa bibi. Jirani huyo, wakati huo kijana, ndiye pekee aliyekuwa na redio, na asubuhi hiyo alikuwa ameanika betri juani zipate nguvu. Baada ya kanisa na chakula aliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, tukaizunguka. Bibi Kiswahili kilimpiga chenga, basi kijana akawa anamtafsiria kwa Kimeru.

“Wamefika huko mwezini?” bibi aliuliza.

“Wamefika, bibi. Wameuzunguka, sasa wanarudi kwao.”

“Hawakuingia?”

“Hawakuingia.”

“Watu gani hao! Watoke mbali kote huko, wazunguke nyumba ya mtu, waondoke bila hodi? Si wezi hao?”

“Bibi, hawakuwa na pa kuegesha.”

“Basi wangekaa kwao!”

Tulicheka mpaka baba akamwaga chai.

Miaka ilipita, nikapata kazi mjini na shamba dogo la mboga Usa River. Yule jirani wa redio uzeeni alijenga Tengeru, karibu na barabara ya Moshi. Kila Jumamosi nikipita hapo kwenda shambani nilipiga honi, nikaendelea. Tukikutana sokoni alinitania, “Mwanaanga, bado unazunguka tu?” Nami nikajibu, “Jumamosi ijayo naingia, kaka.” Alipoanza kuugua miguu nilimtumia pole kwa simu. Mara ya mwisho alinipigia mwenyewe: “Mkungu umeiva, njoo ule kabla popo hawajaumaliza.” Nikaahidi. Jumamosi hiyo nilikuwa nimechelewa kikao cha harusi, nikapiga honi ndefu kuliko kawaida.

Juzi niliingia, nikakuta turubai na viti vya kukodi. Mjane wake alinionyesha kiti cha mbao barazani. “Shemeji, alikuwa anakaa hapo. Akisikia honi yako ananiambia, ‘Bandika chai, huenda leo akakata kona.’ Nami nabandika.”

Siku hizi simu zinatupa habari zote za wenzetu, tukadhani kujua hali ya mtu ni sawa na kumtembelea. Mimi sina wa kumlaumu. Barabara ilikuwa nzuri na gari lilikuwa na mafuta. Waliouzunguka mwezi, wenzao walirudi baadaye wakatua, wakaukuta pale pale. Mwezi ni jiwe, unaweza kungoja. Rafiki yangu alingoja kadiri alivyoweza. Nawe kama kuna nyumba unayoipigia honi, kata kona chai ikiwa bado jikoni.