Bibi Harusi na Gari la Kiilu

Haya hamtayaamini, na mzaliwa wa Salama, mji yalikotokea, ndiye atakayekataa wa kwanza.

Kiilu, fundi wa kunyoosha mabodi ya magari pale barabarani, alikuwa na gari kuukuu la mbio, la milango miwili, alilolipenda karibu kama bintiye Ndinda. Ndinda alipochumbiwa, Kiilu aliapa mbele ya ushirika wote wa kanisa kwamba atamfikisha kanisani kwa gari lisilo na paa, shela ikipepea. Basi siku moja kabla ya harusi akawasha grinda, akakata paa lote, akalitupa kwa kuku.

Asubuhi Ndinda akaingia. Gari likagonga shimo moja tu, likabonyea katikati kama kitanda cha kamba. Kumbe paa ndilo lililokuwa limeshikilia bodi! Walipofika kanisani milango ilikuwa imebana kabisa.

"Baba, nitashukaje?"

Kiilu akavuta mlango, wapi! Fundi mzima ashindwe na mlango wake mwenyewe, tena wakwe wakitazama? Akakohoa kidogo.

"Tulia, mama. Unafikiri paa nililitoa bure? Bibi harusi wa siku hizi hashukii mlangoni, anashukia juu."

Akambeba, akampitisha juu ya mlango. Akina mama wakapiga vigelegele, wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Tangu hapo, kutoka Migwani hadi Kathonzweni, maharusi hawataki tena kusikia habari ya mlango. Wamejaa kwa Kiilu kukatiwa mapaa, mia tatu na—

"Wawili tu!" akadakia Kiilu, aliyekuwa nyuma yangu akisikiliza, nyundo mkononi. "Na mmoja wao alitaka kutengenezewa mlango wa choo."