Mpira Hauna Bwana

Juzi nilikwenda Bagamoyo kumzika jirani yetu wa zamani, na baada ya mazishi nikasema, ngoja nikauone uwanja wetu. Uwanja gani, ndugu yangu! Minazi imepandwa mistari mistari, na kijana aliyekuwa akifua nazi akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia hapa tulikuwa tukicheza mpira kabla babu yako hajaoa. Akacheka, wala sikumlaumu.

Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili, nikiishi na mama katika kijiji cha misheni, miongoni mwa watu waliokombolewa utumwani. Mama alikuwa mtumwa wa nyumba moja kubwa ya mjini, nami nilizaliwa humo humo, mpaka mapadri walipotukomboa. Asubuhi kengele, sala, uji wa mtama usio na sukari, kisha jembe kwenye mihogo hadi mgongo useme basi. Alasiri, jua likipungua makali, mwalimu wetu alitoka na mpira kwapani, na uchovu wote tukausahau.

Mwalimu alisomea Unguja, na mchezo aliujulia huko. Mpira wenyewe aliutengeneza kwa mikono yake: alinunua utomvu wa mpira wa porini kwa Wakwere waliouleta kutoka pande za Fukayosi, akauzungushia kwenye matambara mpaka ukawa mkubwa kama dafu. Ulikuwa mzito, ulinuka moshi, na ukidunda hakuna aliyejua utaangukia wapi. Yeye alikuwa mwembamba, mkali, mwenye kikohozi kisichopona, na maneno yake yalikuwa yale yale kila siku: "Mpira hauna bwana. Aliyeuwahi ndiye mwenyewe." Mwenye mbio akijisifu, alimtuma kuchota maji. Mzito kama mimi alimweka nyuma. "Wewe ni mlango," aliniambia. "Mlango haukimbii. Unakaa pale pale mpaka mtu apige hodi."

Basi siku moja akawaalika vijana wa mjini, watoto wa waungwana, watu waliozaliwa huru, waje tucheze nao. Wakaja wamekunja kanzu zao kiunoni, wakitucheka. Kati yao alikuwemo mtoto wa yule bwana aliyemmiliki mama, mkubwa wangu kwa miaka mitatu hivi. Viatu vyake nilikuwa nikimbebea. Akanijia na mpira moja kwa moja, nami, mlango wa mwalimu, nikajikuta nimesogea pembeni, nimeinama, na mdomo wangu umeshasema, "Shikamoo, bwana."

Lazima nikueleze. Siku zile shikamoo haikuwa adabu ya mdogo kwa mkubwa kama leo. Ilikuwa nashika miguu yako, salamu ya mtumwa. Naye akaitikia "Marahaba" bila hata kusimama, akapita, akafunga. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwalimu hakunichapa. Kesho yake alileta mtungi. "Kila mtu ajaze maji mdomoni," akasema, "na atakayemeza au kutema, aanze upya." Tukakimbia mchangani hivyo hivyo, tukinyang'anyana mpira, mashavu yamevimba kama samaki bunju. Tulifanya hivyo wiki nyingi. Mimi alinisimamisha peke yangu, wakubwa wa timu wanijie mmoja mmoja. "Miguu yako ni ya nani?" akaniuliza siku moja. Nitamjibuje na maji mdomoni? Nikajipiga kifua. "Basi itumie," akasema.

Siku ya kurudiana nilijaza maji yangu mapema. Mwalimu akanifuata. "Tema," akaniambia. "Leo nataka mdomo mtupu, na neno lile lisitoke." Nikatema, na hofu ikaniingia kwelikweli, maana mama alikuwa amesimama pembeni na kaniki yake, na bwana wake wa zamani naye alikuwa amekuja kumtazama mwanawe.

Mtoto wa bwana akanijia vile vile, anatabasamu. Neno likapanda mpaka kooni. Nikauma meno, nikatia mguu. Mpira ukabaki kwangu, yeye akakaa mchangani.

"Hunijui?" akauliza.

"Nakujua," nikamwambia, nikampelekea mwenzangu mpira.

Tulifungwa siku ile, tena vibaya. Mwalimu alisema tu, "Kesho, saa ile ile." Watu walipokuwa wakitawanyika, bwana akapita mbele ya mama, akapunguza mwendo, akingoja aamkiwe kama alivyozoea. Mama akanyoosha mgongo. "Masalkheri," akamwambia, salamu ya muungwana kwa muungwana. Bwana akaondoka bila kuitikia. Moyo wangu ulijaa fahari mpaka nikalia.

Mwalimu alikufa kwa kile kikohozi chake, wenzangu wametawanyika, na mpira wetu sijui uliishia wapi. Shikamoo nayo imetakata. Watoto wanakuamkia njiani kwa heshima tupu, nami huitikia kwa furaha. Mama hakuweza. Wajukuu zake walimwamkia kila asubuhi, wamepiga magoti mlangoni, naye akiwainua kwa mkono na kuwaambia, "Hujambo, mjukuu wangu." Alikufa hajawahi kumwitikia mtu marahaba.