Mkono Uliokataa Kunyanyuka

"Unakula nini ambacho mwenzako hali?"

Daktari Liang aliniuliza swali hilo kupitia simu yake ya kutafsiri. Aliongea Kichina, simu ikatoa Kiingereza kikavu. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda chake cha uchunguzi, mkono wa kulia umelala pajani kama mzigo wa mtu mwingine. Mwenzangu, Dada Mwajuma, alisimama mlangoni na mkoba wake, mzima kabisa. Tulikuwa tunaishi chumba kimoja na kupika sufuria moja. Nilifikiri sana. Nikasema, "Hakuna."

Wenzangu wa hapa Guangzhou wameniomba mara nyingi niandike yaliyonipata. Baadhi yao wanataka kusikia muujiza. Mimi sina muujiza. Nina mkono uliorudi taratibu mno, hata sikumbuki ni asubuhi ipi niliyofunga kifungo cha shati bila kufikiri. Bado nachoka haraka, na kusimulia nako kunanichosha. Lakini kama kuna mtu huko anaambiwa ana vidonda vya tumbo na dawa hazimsaidii, asome mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilisoma kemia katika chuo kimoja Afrika Kusini, na huko nikajiunga na klabu ya kulenga shabaha kwa bastola. Nilikwenda mara ya kwanza kwa ubishi tu, kwa sababu kijana mmoja wa darasa letu, Sipho, alisema wasichana hufumba macho wanapofyatua. Sikufumba. Miaka minne baadaye nilikuwa bado naenda kila Jumamosi, kwenye ukumbi wa chini ya ardhi wenye feni moja iliyozunguka pale ilipojisikia.

Wanaolenga sana hujaza risasi zao wenyewe za mazoezi, maana za dukani ni ghali. Risasi moja ina vitu vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Maganda tuliyaokota sakafuni baada ya kufyatua, yakatumika tena. Fataki, kile kikombe kidogo cha kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti, klabu ilinunua kwa jumla. Hakuna aliyezijadili. Ubishi wote ulikuwa juu ya baruti na kichwa, na hapo ndipo nilipojipatia sifa.

Upande wa baruti, nilichagua ile nyepesi yenye kujaa. Sababu yake ni hii: ukikosea ukamimina mara mbili, inafurika mdomoni mwa ganda na unaiona. Ile nzito inakaa chini kimya, kosa lako unaligundua bastola ikikupasukia mkononi. Upande wa kichwa, wazee wa klabu walitumia madini ya risasi matupu, yale Waingereza huyaita lead, wakayeyusha na kumimina wenyewe. Mimi nilikataa. Nilijua madini hayo ni sumu. Nilinunua vichwa vilivyofunikwa shaba, vyenye pua bapa ili vitoboe karatasi tundu safi.

"Bibi Afya kaja," Sipho alikuwa akinitania. "Mfungulieni dirisha."

"Halipo dirisha," nikamjibu. "Ndiyo maana nachagua shaba."

Basi nilikuja Guangzhou kununua nguo na kuzituma nyumbani, nikiamini kwamba kama kuna sumu yoyote duniani, mimi niliikwepa kwa akili yangu. Bastola hairuhusiwi kuletwa huku wala sikuwa nayo, ilikuwa mali ya klabu. Nilikuja na begi tu. Begi langu la klabu, la turubai jeusi, lenye mifuko kila upande. Kwa mtu wa kuzunguka maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu kutwa nzima, huwezi kupata begi zuri kuliko lile.

Uchovu ulianza kwanza. Nililala, nikaamka nimechoka vilevile. Kisha tumbo likaanza kusokota, si kuuma kwa kawaida, ni kama mtu anakamua nguo iliyolowa. Choo kikafunga. Nilikuwa nakaa chooni mpaka miguu inakufa ganzi, natoka bila kitu. Mdomoni nilionja sarafu. Nikapauka, midomo ikawa na rangi ya majivu.

"Vidonda vya tumbo hivyo," Mwajuma alisema. Yeye ni mtu wa Dar es Salaam, anatuma viatu, na ana jibu la kila kitu. "Unakunywa kahawa kama jenereta."

Nikaacha kahawa. Nikameza dawa za vidonda. Haikusaidia.

"Basi ni jicho. Wewe unajibu watu vibaya, Profesa."

"Jicho linafungaje choo, dada? Nieleze njia linayopitia."

"Ona! Mgonjwa na bado anabisha!"

Mama yangu, kwenye simu, alisema nirudi nyumbani. Nikamwambia nitarudi mzigo ukiondoka. Kila mzigo ulipoondoka ulikuja mwingine.

Kisha mkono. Nilikuwa dukani, ghorofa ya tatu, nimenyanyua gauni la mfano nilitazame kwenye mwanga. Kifundo cha mkono kikalegea. Vidole vikaning'inia, gauni likaanguka sakafuni. Yule mama muuzaji akadhani nalidharau.

"Bu yao?" akauliza, yaani hulitaki? Akashusha bei papo hapo.

Nilijaribu kuunyanyua mkono. Uliweza kushika, uliweza kukunja ngumi, lakini kuinua kiganja juu haukuweza. Mkono ule ndio niliolengea shabaha. Ndio ninaopimia kitambaa, maana kitambaa unakisoma kwa vidole kabla ya macho. Nilisimama pale nikiuangalia, yule mama akashusha bei tena.

Siku hiyo nilikubali kwenda hospitali. Daktari Liang alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, asiyependa kupoteza neno. Alifunua mdomo wangu, akauvuta mdomo wa chini, akaita mwanafunzi wake aje aone. Kwenye fizi kulikuwa na mstari mwembamba wa bluu. Akaagiza damu yangu ipimwe madini. Majibu yalipotoka aliigeuza skrini nione: madini ya risasi, kiwango cha kutisha.

"Haiwezekani," nilisema. Nikamweleza klabu, ukumbi, na jinsi nilivyochagua vichwa vya shaba. Nilieleza vizuri sana, kama mtu anayetetea tasnifu.

Alisikiliza hadi mwisho. "Huko nyuma ulivuta nyingi, shaba au si shaba," simu ikatafsiri. "Lakini uliondoka huko muda mrefu. Kiwango cha madini kilipaswa kushuka. Nafikiri bado unakula."

Ndipo akaniuliza lile swali, nami nikasema hakuna.

Nikalazwa. Dripu ya dawa inayoyavuta madini ilining'inia kando yangu, nikawa nakojoa kutwa, na kichwa kinauma hadi meno. Mkono ulifungiwa kibao ili kiganja kisining'inie. Mwajuma alinilisha uji kwa kijiko, akaniosha, akanisuka nywele akilalamika kwamba ni ngumu. Usiku alisali kando ya kitanda. Sikumuuliza maswali.

"Mkono utarudi?" nilimuuliza daktari.

"Ukiacha kula sumu, labda. Neva ni za polepole. Usipoacha, hapana."

Kiwango kikashuka. Nikatolewa. Nikarudi kazini na kibao changu, na baada ya wiki chache nikapimwa tena. Kimepanda.

Nilikaa kwenye ngazi za hospitali na sikuweza hata kulia. Kutojua kunachosha kuliko maumivu. Nilianza kushuku kila kitu, na nilikuwa na elimu ya kutosha kushuku vizuri. Nikapeleka wanja wangu wa macho ukapimwe, kwa sababu wanja wa aina fulani huwa na madini hayo. Safi. Maji ya bomba, safi. Vikombe vya rangi, safi. Nikachukua sufuria aliyokuja nayo Mwajuma.

"Sufuria ya mama yangu? Imekukosea nini?"

"Nataka kujua tu."

"Ningekuwa mimi ndiye mgonjwa ningeelewa. Nakula humo humo, nanenepa!"

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililokuwa likinitesa. Damu yake nayo ilipimwa, ikaonekana ya kawaida. Sufuria nayo ilikuwa safi. Kiganja changu, ambacho kilikuwa kimeanza kuinuka upana wa kidole, kikalala tena.

Jibu lilikuja tukiwa tumekaa juu ya marobota yetu nje ya jengo, Guangyuan Xilu, tunasubiri gari la mizigo. Sisi hukaanga karanga nyumbani, tunagawana, tunatafuna tukizunguka, kwa sababu chakula halali kiko mbali na maduka. Mwajuma zake zilikuwa zimekwisha. Bila kuomba akatia mkono kwenye mfuko wa pembeni wa begi langu, akachota, akatia mdomoni. Akatema.

"Karanga zako zina mchanga!"

"Ni zile zile zako."

"Zangu nimezitia kwenye mfuko wa nailoni. Wewe umezimwaga humo kama chakula cha kuku. Tazama."

Akanionyesha vidole vyake. Vilikuwa na vumbi la kijivu, laini kama poda.

Nilivitazama vidole vile. Mfuko wa pembeni. Kila Jumamosi kwa miaka minne niliokota maganda yaliyofyatuliwa, ya moto bado, na kuyatupa katika mfuko huo huo, kwa sababu mkono wa kulia ulifika hapo wenyewe. Nilipofika Guangzhou mkono uliendelea kufika hapo wenyewe. Nilikuwa nimeshuku maji ya jiji zima, na begi lilikuwa begani kwangu.

"Nawa," nilimwambia. "Sukutua mdomo. Sasa hivi."

"We mtoto unanitisha."

"Nakuomba, dada."

Kwa mara ya kwanza hakubishana. Tulilipeleka begi hospitali ndani ya mifuko miwili iliyofungwa. Vumbi la kwenye mshono wa mfuko ule lilijaa madini ya risasi. Daktari Liang aliposoma majibu alinitazama, kisha akasema neno moja ambalo hakulipitisha kwenye simu. Begi halikurudi.

Dripu ikaanza upya. Safari hii kiwango kilishuka na kubaki chini. Mkono ulichukua miezi mingi. Kwanza kidole cha kati, halafu vingine, halafu kifundo, kikitetemeka kama cha mtoto anayejifunza kushika kijiko. Leo naweza kunyanyua gauni kwenye mwanga na kulishikilia. Jioni hulegea kidogo, naliweka chini, napumzika.

Namshukuru Daktari Liang, aliyeuliza swali nililolijibu vibaya. Namshukuru Dada Mwajuma kwa uji, kwa nywele, na kwa uroho wake wa karanga. Yeye anasema ni Mungu aliyempeleka mkono mfukoni. Nimechoka kubishana juu ya hilo, na labda sitaki tena.

Kama unashika bastola, au betri, au rangi za zamani, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na nguo na begi za kazi hiyo zisitumike kwa kingine. Kama tumbo linasokota, choo kimefunga na mdomo unaonja sarafu, omba damu yako ipimwe madini, hata wakikucheka. Na unaposhuku, anza na kitu unachokipenda.

Kwa muda mrefu niliamini vumbi lile lilitokana na wazee wa klabu na vichwa vyao vitupu, kwamba nilikuwa nimeokota maganda yao pamoja na yangu. Nilimpigia Sipho nimlaumu. Alinisikiliza, halafu akaniuliza kama niliwahi kusoma maandishi ya kwenye boksi la fataki. Sikuwahi. Alinipigia picha, akanitumia. Ile dawa inayowasha baruti, ndani ya kile kikombe ambacho hakuna aliyekibishania, imetengenezwa kwa madini ya risasi, na kila ganda nililoliokota, la kwao na la kwangu, hata lile lililorusha kichwa cha shaba, lilikuwa na majivu yake ndani.