Vikapu Thelathini vya Akinyi

Ipo asubuhi moja ya Hurlingham, kule Nairobi, ambayo bado ninaibeba, mwanangu, lakini siwezi kukufikisha huko kabla hujajua nilikotoka. Nilimaliza kidato cha nne Mwingi nikiwa na cheti na jozi moja ya viatu. Nikaenda Emali kupakia vitunguu. Kutoka Emali nikashuka Voi kwenye mkonge, nikarudi Athi River kwenye saruji, nikapanda Naivasha kwenye maua. Kila mahali nilipoanza kuzoeana na watu, miguu ilianza kuniwasha. Miaka mitano ilipita hivyo. Nilipofika Nairobi nilikwenda kusimama Dagoretti Corner pamoja na wale wanaongoja kazi za siku, na kwa kuwa aliyesimama kando yangu alikuwa na brashi mbili, akaniazima moja. Ndivyo nilivyogeuka kuwa mpaka rangi. Hadi leo nikisikia harufu ya tapentaini moyo unataka kurudi pale, na usinicheke.

Fundi wetu mkuu aliitwa Mzee Kilonzo. Tulipata kazi ya kupaka ukuta mrefu wa ua huko Spring Valley, na kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na cheti, akaniita mbele ya Barasa na wenzangu wengine.

"Wewe msomi. Barasa akiupaka huu ukuta peke yake ni siku sita. Wewe peke yako, na huo uvivu wako, ni kumi na mbili. Mkiupaka pamoja, mwenye nyumba nimwambie siku ngapi?"

Sikufikiri hata kidogo. Sita na kumi na mbili ni kumi na nane, gawa kwa mbili. "Tisa, Mzee."

Barasa alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Mzee Kilonzo hakucheka.

"Barasa peke yake ni ngapi?"

"Sita."

"Na ukimsaidia ni tisa?"

Nikaanza kuhesabu upya kwa vidole.

"Basi wewe ni msaidizi au ni mkosi?"

"Haki huyu ametumwa na adui zangu!" Barasa akasema, akizidi kucheka.

Mzee alichukua chaki akaugawa ukuta vipande kumi na viwili. Akaniambia Barasa hupaka vipande viwili kwa siku, mimi kimoja. Kwa pamoja ni vitatu kwa siku, kwa hiyo vyote kumi na viwili vitaisha kwa siku nne. "Acha kujumlisha siku," akasema. "Siku hazipaki rangi. Uliza kwanza kila mtu anamaliza kiasi gani leo." Tulimaliza kwa siku nne kamili, na kila nilipofikia alama ya chaki niliona aibu upya.

Miaka ilipita. Siku moja nilikuwa nikipaka ukumbi wa senta ndogo ya masomo huko Hurlingham, mahali wanapowaandaa watu wazima kwa mtihani wa kwenda kusoma ng'ambo. Mlango wa darasa ulikuwa wazi. Mwalimu hakuja siku hiyo, na wanafunzi walikuwa wamekwama kwenye swali la mafundi wawili na ukuta mmoja. Nilishindwa kuvumilia. Niliingia na ovaroli yangu, nikachora vipande ubaoni. Mkurugenzi alinikuta nimezungukwa na watu, na wiki iliyofuata akaniajiri niwasaidie wanafunzi na kusahihisha karatasi. Waliniita Mwalimu Rangi. Nilikaa hapo miaka minne, mwanangu, mimi ambaye sikuwahi kumaliza miwili popote.

Mkurugenzi alikuwa na njia yake moja. "Zidisha namba zote mbili, gawa kwa jumla yake, kwisha. Swali moja lina dakika moja na nusu. Hatuna muda wa hadithi." Sikumkatalia kwamba njia hiyo ina haraka. Kumi na kumi na tano, zidisha upate mia na hamsini, gawa kwa ishirini na tano, siku sita. Ni sahihi kabisa, mradi wote wawili wafanye kazi hadi mwisho. Hilo la mwisho hakulisema kamwe.

Darasani palikuwa na mwanamke anaitwa Akinyi, mzaliwa wa Siaya, mama wa watoto wawili, mfuaji katika dobi moja ya Dagoretti Corner. Chuo cha uuguzi cha ng'ambo kilikuwa kimemwekea nafasi kwa mwaka ule pekee. Senta ndiyo iliyosajili watu kwa mtihani, na sheria ya mkurugenzi ilikuwa kwamba asiyefikisha nusu katika jaribio la mwisho hasajiliwi, asije akaharibu jina la senta. Jaribio hilo alilisahihisha mwenyewe, na kwa hesabu yake Akinyi alikosa nusu kwa swali moja tu.

Swali lenyewe nalikumbuka neno kwa neno. Fundi wa kwanza hujenga ukuta kwa siku kumi, wa pili kwa siku kumi na tano. Wameanza pamoja, baada ya siku mbili wa kwanza akaondoka. Kazi yote itachukua siku ngapi? Jibu lililoandikwa na mkurugenzi lilikuwa sita. Darasa zima waliandika sita. Akinyi aliandika kumi na mbili.

Asubuhi ya kurudisha karatasi, ndiyo hiyo ninayoibeba, mkurugenzi aliinua karatasi ya Akinyi mbele ya wote. "Hii nini, mama? Umechora vikapu? Hapa hatufui nguo."

Watu wakacheka. Akinyi akasimama.

"Nimeigawa kazi vikapu thelathini, mwalimu. Wa kwanza anamaliza vitatu kwa siku, wa pili viwili. Siku mbili wamemaliza kumi. Vimebaki ishirini, na aliyebaki ni yule wa viwili. Siku kumi tena. Jumla kumi na mbili."

"Fomula inasema sita."

"Fomula haijaona kwamba mtu ameondoka. Kwa dobi, mwenzangu akienda nyumbani mapema, mimi ndiye ninajua."

Kicheko kilikatika. Nilikuwa pale kando na kalamu nyekundu mkononi, na nikaikumbuka chaki ya Mzee Kilonzo. Nikasema, "Mkurugenzi, ni kumi na mbili. Karatasi zote nyingine zimekosa."

Alinivuta hadi ofisini. "Wewe unataka nirudishie darasa zima karatasi kwa sababu ya mama wa dobi? Fomu foo, mpaka rangi, unanifundisha hesabu?"

"Ndiyo, fomu foo, kidato cha nne tu. Na huo ukuta uliouegemea niliupaka mimi. Haujabambuka."

"Mwandikie sifuri kwa hilo swali. Jina lake litoke kwa orodha ya usajili."

Kutuma orodha ilikuwa kazi yangu. Nilikaa kwenye kompyuta, naye amesimama mlangoni akinipa mgongo, nikaandika: Akinyi, amefaulu. Nikatuma, na orodha ikishatumwa haibadilishwi. Kisha nikageuka nikamwambia nimetuma, kwa sababu sikutaka iwe siri.

"Toka," akasema.

"Natoka. Kwako anayeondoka na anayebaki ni hesabu moja, kwa hiyo hutaona tofauti."

Najua utaniuliza, basi nakujibu. Alisajiliwa, akafanya mtihani, akapita, na leo yuko wodini anawahudumia wagonjwa. Na wale wengine niliwapitia mmoja mmoja kabla sijafika getini, nikawaonyesha vikapu. Wengine waliona. Mmoja aliniambia nimemharibia alama zake.

Mwanangu, unayejiandaa kwa mtihani wako, chukua njia ya mkato ukiielewa, na uiache siku ambayo swali limebadilika. Uliza kila mara nani anafanya nini leo, na nani ameondoka. Ukiona jibu lako linasema msaada umechelewesha kazi, au kwamba mtu ameondoka na hakuna kilichopungua, futa uanze upya, hata kama ukumbi mzima umeandika vivyo hivyo. Na ukiwa sahihi peke yako, usiketi. Akinyi hakuketi.

Siku hiyo nilitoka na kalamu nyekundu mfukoni, basi. Akinyi alinikimbilia hadi barabarani, mikono yake bado imekunjamana kwa sabuni ya asubuhi, akanishika mkono kwa yote miwili. "Mwalimu Rangi," akasema, "Mungu akupe nguvu ya kumaliza kikapu chako, na akupe mtu wa kujua kwamba umeondoka." Nami nakupa baraka hiyo hiyo, mwanangu, kama nilivyopewa. Nikashika barabara kuelekea Dagoretti Corner, na Hurlingham sikurudi tena.