Mafuta ya Baba Mkwe

Kwetu, watu wa kaskazini mwa Katanga, mkwe na mama mkwe hawakai benchi moja. Hawatazamani usoni, na jambo likiwabana hupitia kwa mtu wa tatu. Nilipooa niliona ni mchezo tu. Siku ile, katika duka la mafuta ya magari kwenye barabara ya Kipushi, haukunichekesha hata kidogo.

Mama mkwe wangu ni mjane. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa mgodi, na alipostaafu akanunua trekta la kulimia watu mashamba. Ndilo linalomlisha mama huyu mpaka leo. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mimi, fundi wa minibasi huko Katuba, nikaitwa kubadilisha mafuta ya gia.

Mama mkwe alikuja dukani na bidoni, dumu kubwa aliloliacha marehemu, limejaa mafuta ya haidroliki ya mgodini. Akasimama mlangoni, amenipa mgongo. Mimi nikajibanza nyuma ya mapipa kama mwizi.

"Ambia mukwe yangu atie hii," akamwambia muuzaji. "Iko ya mine. Bwana yangu alikuwaka anatia hii tu."

Muuzaji, mtu wa Kasai mwenye mdomo, akanigeukia. "Papa, umesikia, ao nirudilie?"

Wateja wakacheka. Jasho likanitoka. Katika trekta lile, gia, breki na mikono inayoinua jembe vyote vinatumia mafuta ya tangi moja. Yale ya mgodini yanainua jembe vizuri kabisa, lakini breki zinazoogelea ndani yake zinalia, halafu zinateleza. Trekta lina mafuta yake, na yalikuwepo pale rafuni. Ila ningesemaje kwamba marehemu alikosea, mbele ya mjane wake, mbele ya watu wasiotuhusu?

Nikanong'ona, "Mwambie mama, hii ya mine iko ya mashini zingine."

Jamaa akapaza sauti, "Mama, mukwe anasema muzee alikuwaka anatia mafuta mubaya!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona aibu kama mtoto aliyetukana mzazi kanisani.

Mama mkwe hakugeuka. "Umuulize, ubaya yake inafanya nini?"

"Freins haishike," nikasema, na nilipojisikia nikisema breki hazishiki, nikajua nimefungua nini.

Mwaka wake wa mwisho, baba mkwe alibomoa jiko la jirani kwa trekta lile. Aliapa kwamba breki zilikataa. Tukasema uzee. Wengine wakasema pombe, naye hakuwa mnywaji. Tangu siku hiyo hakupanda tena trekta lake. Alikuwa anaketi kivulini, analitazama likiendeshwa na watu wengine.

Mama mkwe akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, akanitazama usoni, na mimi sikujua macho yangu niyapeleke wapi.

"Mutoto yangu," akasema. "Ndiyo kusema muzee hakudanganya?"

Muuzaji akajifanya anapanga chupa rafuni. Hapakuwa na mtu wa kunipelekea jibu.

"Hakudanganya, mama."

Akaketi juu ya ile bidoni, akavuta kitenge mpaka machoni.

"Na miye ndiye nilimunyang'anya ufunguo ya trekta," akasema.