Kurasa Ambazo Mwalimu Jelagat Hakuzisoma

Odero, karani wa machimbo ya Kariandusi, alifika Nakuru Jumamosi moja ya mwaka 1957 kumshukuru Mwalimu Jelagat kwa kuuhakiki mswada wa kitabu alichokiandika. Jelagat alikuwa amesomea ualimu chuoni, na kamati ya vitabu ilimtumia miswada aipime: upi uchapishwe, upi urudishwe.

"Mwalimu, ulinichapa viboko, lakini nimesikia," Odero alisema akicheka. "Yule mama uliyesema amekaa kimya bila sababu, nimemtoa."

"Umemtoa kabisa?"

"Hata jina. Kitabu sasa ni chepesi, ukikipuliza kinaruka." Kisha akashusha sauti. "Lakini niulize. Ile sababu niliyoweka ukurasa wa sitini na moja haikutosha? Kwamba aliapa kutosema mpaka mwanawe arudi kutoka vita vya Burma?"

Jelagat alihisi uso ukimchoma. Chuoni walifundishwa kwamba mhakiki hueleza kwanza mwandishi alikusudia nini, ndipo apime kama amefaulu, na kila dai alitolee ushahidi kutoka kwenye maandishi. Yeye, madaftari ya wanafunzi yakiwa yamejaa mezani na kamati ikitaka jibu, alisoma kurasa arobaini tu, akaandika mbili za uhakiki. Zilimpendeza hata akajisomea kwa sauti.

"Huyo mama ni nani kwako?"

"Ndiye aliyenizaa. Na huyo mwanawe ni kaka yangu. Hakurudi."

"Mzee Odero, sikufika ukurasa huo."

Odero alimtazama. "Yaani, mwalimu, ulinipa alama za mtihani ambao hukuusoma?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikamtoa mama yangu."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Mswada wa kwanza uliuchoma?"

"Mke wangu alikataa. Alisema, mwalimu asipomtaka, kwake yeye bado ni mama mkwe."

"Niletee, tafadhali. Nitausoma wote, niandike upya."

"Hapana, mwalimu. Huo atausoma mwingine. Wewe waandikie kamati, uwaambie ulichoniambia mimi."

Jelagat aliandika barua siku hiyohiyo, akatia sahihi. Kamati haikumtumia mswada mwingine tena. Wa Odero ulipelekwa kwa msomaji wa pili, mama akiwamo, na Jelagat akawa anangoja jibu lake kama mtu anayengoja habari za mgonjwa aliyemwumiza mwenyewe.